Apareyi ya masikio: mwezi wa kwanza ndio unaoamua



Mara nyingi inatokea hivi. Watoto wanachanga pesa. Mmoja yuko Kinshasa, mwingine Lubumbashi, wa tatu yuko Ulaya na anatuma kidogo kwa njia ya simu. Wanamnunulia mama yao apareyi ya masikio. Siku ya kwanza nyumba nzima inafurahi. Siku ya tatu koko anaitoa, anasema inapiga makelele. Siku ya kumi inalala ndani ya kabati, chini ya vitenge, na hapo inabaki. Watoto wanasema pesa imepotea bure. Koko hasemi kitu, maana amerudi kule kule kwa kutosikia.

Mara nyingi apareyi haikuwa mbaya, na koko hakuwa mkaidi. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia mapema jambo moja: apareyi haizoewi siku moja. Inaomba majuma kadhaa ya uvumilivu, na inaomba msaada wa kila mtu anayeishi na yule anayeivaa. Juma hili tunaeleza namna majuma hayo yanavyopita, ili pesa ya familia isilale kabatini na mama zetu wasibaki peke yao katikati ya watu.

ANASIKIA, LAKINI HAELEWI

Wengi wetu tunafikiri kutosikia vizuri ni kama redio iliyopunguzwa sauti. Ingekuwa hivyo, kupandisha sauti kungetosha. Lakini kwa watu wengi, zaidi wale wenye umri mkubwa, mambo ni tofauti.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama konokono. Humo mna chembe karibu 15,000 zenye vinywele vidogo sana. Hizo ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kwa kawaida zile za sauti nyembamba ndizo zinazokufa kwanza, na zikikufa haziote tena.

Sauti nyembamba ni kama wimbo wa ndege, mlio wa simu au sauti ya mtoto mdogo. Ni pia herufi kama s, f, sh, t na k. Sauti nene, kama o na u, zinabaki. Kwa hiyo koko anajua kwamba unasema, anajua pia ni wewe, lakini maneno yanamfikia yakiwa yamekatwa vichwa. Anasikia “...ika”. Ni fika? Ni pika? Ni shika? Ni zika? Anakisia. Akikisia vizuri, hakuna anayegundua. Akikisia vibaya, watoto wanacheka.

Kutoka hapo shida inakua. Jirani anamsalimia kwa nyuma, yeye haitikii: anaitwa mwenye kiburi. Katika mkutano wa likirimba anatoa jibu lisilolingana na swali: wanasema akili imeanza kumtoka. Mahali pengine, mama mzee anayekaa kimya na kujibu mambo yasiyoulizwa anaanza kunong'onwa kwamba ni mchawi. Tunajua maneno kama hayo yanaweza kuleta nini katika mitaa yetu. Mwishoni yeye mwenyewe anaacha mikutano, anaacha kwaya, anabaki nyumbani. Alipoteza sauti nyembamba tu, na sasa amepoteza watu.

Hayuko peke yake. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema watu milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na katika wale waliopita miaka 60, zaidi ya mmoja kati ya wanne wana shida hiyo. Sababu ni nyingi: umri, makelele ya mashine kwa miaka mingi, usaha wa masikio uliokosa matunzo tangu utotoni, surua, homa ya uti wa mgongo, na dawa fulani za sindano kama streptomisini, kanamisini na jentamisini. Kinini nayo, ikitolewa kwa wingi, inaweza kuleta mlio masikioni na kupunguza kusikia, mara nyingi kwa muda tu. Hatusemi mgonjwa akatae dawa inayookoa maisha yake. Tunasema amwambie munganga upesi masikio yakianza kulia au kuziba.

KABLA YA KUTOA PESA

Usianze na apareyi. Anza na sikio. Mara nyingine kinachoziba ni uchafu wa kawaida tu, na kituo cha afya kinaweza kuutoa siku hiyo hiyo. Mara nyingine kuna usaha, na hapo dawa inatangulia. Hakuna kusukuma ndani ya sikio kijiti, kibaniko cha nywele, wala unyoya wa kuku. Vitu hivyo vinasukuma uchafu mbele zaidi, na vinaweza kutoboa ngozi nyembamba inayopokea sauti.

Kama sikio ni safi na kusikia bado ni shida, omba kumuona munganga wa masikio, pua na koo, yule wanayemwita ORL. Hao wako zaidi katika hospitali kubwa za miji. Mgonjwa atavalishwa vipokea sauti kichwani, atasikilizishwa milio myembamba na minene, mikubwa na midogo, na kila mara atainua mkono akisikia. Kipimo hakiumi. Matokeo yake ni karatasi yenye mistari miwili, mmoja wa sikio la kuume na mwingine wa sikio la kushoto. Karatasi hiyo ndiyo inayoongoza namna apareyi itakavyotengenezwa. Itunzeni kama mnavyotunza kadi ya chanjo.

Kwa sababu hiyo, jihadhari na vifaa vinavyouzwa sokoni bila kipimo. Vingi vinapandisha kila sauti kwa pamoja, ile iliyopotea na ile iliyobaki, na vinaweza kuumiza sikio. Hata apareyi nzuri iliyoachwa na ndugu aliyefariki haifai kuvaliwa hivi hivi. Ilipangwa kwa masikio ya mtu mwingine. Ipelekeni kwanza kwa fundi anayepima masikio, aone kama inaweza kupangwa upya.

Kabla ya kulipa, ulizeni maswali haya:
- Bei hiyo ina nini ndani? Kipimo, kile cha plastiki kinachoingia sikioni, na marudio ya kupanga sauti, vyote vimo?
- Betri zinapatikana hapa mjini? Kwa bei gani?
- Kama ni apareyi ya kuchaji, nyumba ina umeme kila siku, au ina paneli ya jua? Kama sivyo, ile ya betri ndogo inaweza kufaa zaidi.
- Ikiharibika, nani atatengeneza?

Kama masikio yote mawili yana shida, mara nyingi apareyi mbili zinafaa kuliko moja, kwa sababu ni kwa masikio mawili tunajua pikipiki inatokea upande gani. Lakini kama pesa inatosha moja tu, moja inayovaliwa kila siku ni bora kuliko mbili za kuota. Anayepima atashauri sikio gani lipewe.

KITU GANI KILE?

Apareyi ya kawaida inakaa nyuma ya sikio, na bomba dogo linashuka mpaka ndani. Ina mikro ndogo inayokamata sauti, sehemu ya kuikuza, na kibafle kidogo cha kuitoa. Ni kama vyombo vya kanisani, ila vyote vimeingia katika kitu chenye ukubwa wa harage. Alama nyekundu ni ya sikio la kuume, ya buluu ni ya sikio la kushoto.

Inaleta zile sauti nyembamba karibu zaidi. Haifufui zile chembe zilizokufa. Kwa hiyo hairudishi masikio ya umri wa miaka 20, kama vile fimbo haimrudishii mtu mguu wake wa zamani. Lakini mwenye fimbo anafika sokoni.

JUMA LA KWANZA: MAKELELE

Tufuate sasa koko mmoja katika mwezi wake wa kwanza.

Anavaa apareyi, na mambo ya kwanza anayosikia si maneno. Ni hatua zake mwenyewe sakafuni. Ni mafuta yanayochemka ndani ya sufuria, sahani zinazogongana, karatasi, maji yanayomiminwa. Ni mwiko unaogonga chungu. Mvua ikianguka juu ya mabati, anataka kukimbia. Na sauti yake mwenyewe imekuwa kama ya mtu anayesema ndani ya pipa.

Hapo ndipo wengi wanaacha. Wanafikiri apareyi imeharibika au haiwafai. Sivyo. Sisi wenye kusikia vizuri tunasikia sahani na hatua zetu siku nzima, lakini ubongo wetu umejifunza kuziweka kando. Ubongo wa koko umekaa miaka mingi bila sauti hizo. Sasa zimerudi zote siku moja, kama ndugu wa mbali wanaofika kwako bila kutangaza. Haujui bado nani wa kukaribisha na nani wa kuacha nje. Utajifunza tena, kwa sharti moja: usikie kila siku. Anayevaa apareyi Jumapili tu kwa ajili ya misa anaanza upya kila Jumapili.

Kama aliyempimia hakutoa agizo lingine, koko aanze nyumbani, mahali patulivu, saa chache kwa siku. Redio imezimwa. Azungumze na mtu mmoja tu, wakiwa wameketi uso kwa uso. Asome kwa sauti, Biblia au barua, au aimbe, ili azoee sauti yake mwenyewe. Akichoka aitoe, apumzike, airudishe baadaye. Uchovu huo ni wa kweli: kusikiliza kwa namna mpya ni kazi. Kila siku aongeze muda kidogo.

Zoezi moja linasaidia sana, na wajukuu wanalipenda. Koko afumbe macho. Mjukuu atikise funguo, amimine maji, afunge mlango, akwaruze kiberiti. Koko aseme ni nini. Hivyo kila kelele inapata jina, na kelele yenye jina haisumbui tena sana.

JUMA LA PILI NA LA TATU: WATU WAWILI, HALAFU WATATU

Sasa aende kivuli cha uwanja. Azungumze na watu wawili. Asikilize habari za redio, kwanza pamoja na mtu atakayemweleza alichokosa. Aende dukani kununua chumvi, asikie bei bila kuangalia vidole vya muuzaji.

Simu inaomba ujanja wake. Tumezoea kuiweka kwenye tundu la sikio, lakini mikro ya apareyi iko juu, nyuma ya sikio. Simu isogezwe huko, iinamishwe kidogo mpaka sauti ipatikane, au sauti yake ifunguliwe kwa nje.

Soko na kanisa viwe vya mwisho. Hata mwenye masikio mazima anachoka katika soko la Kadutu siku ya watu wengi, au pale jenereta zinaponguruma kwa pamoja. Mahali penye sauti nyingi ndipo apareyi inapata shida zaidi, hata ile ya bei kubwa. Kanisani, koko asikae pembeni ya bafle. Akae mbele, mahali anapoona mdomo wa mhubiri. Macho yanasaidia masikio, na hakuna aibu katika hilo.

Siku nyingine zitakuwa mbaya. Kutakuwa na mazungumzo ambayo hataelewa chochote, na atasema afadhali ya zamani. Mkumbusheni aliyoyapata: sauti ya mjukuu aliyemwita kutoka mlangoni, mvua iliyomwamsha akaanua nguo kabla hazijalowa.

JUMA LA NNE: KURUDI KWA FUNDI

Hakuna apareyi inayopangwa vizuri mara ya kwanza tu. Kurudi ni sehemu ya kazi. Kabla ya kurudi, mtoto anayejua kuandika aweke kwenye daftari mambo haya: ni sauti gani inaumiza, ni nani haeleweki, ni wapi panashinda, ni saa ngapi kwa siku apareyi inavaliwa. “Haifai” haimsaidii fundi. “Sahani zinaniumiza, lakini mume wangu bado simsikii” inamsaidia sana, kwa sababu sauti ya sahani na sauti ya mwanaume zinapangwa mahali tofauti.

Kwa wengi, inachukua majuma kadhaa kuzoea mambo makubwa, na miezi kadhaa kuzoea kabisa. Aliyekaa muda mrefu bila kusikia anaweza kuhitaji muda mrefu zaidi. Ndiyo maana haifai kungoja miaka kumi ndipo kutafuta msaada.

Lakini kuvumilia si kuvumilia kila kitu. Sikio likiuma, likipata kidonda, likitoa usaha au damu, apareyi itolewe na koko apelekwe kwa munganga. Ikipiga mluzi kila wakati, kama mikro ya kanisa iliyokaribia bafle, mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi: haikuingizwa vizuri, ile sehemu ya plastiki haimtoshi, au sikio limejaa uchafu. Yote hayo yanatengenezwa.

KUITUNZA KATIKA NYUMBA ZETU

Maji na jasho. Koko aitoe kabla ya kuoga, kuogelea au kusukwa nywele. Mafuta ya nywele na poda pia ni adui zake. Jioni aipanguse kwa kitambaa kikavu na kuacha mlango wa betri wazi, unyevu utoke. Ailaze ndani ya kisanduku kinachofungwa vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyowekwa ndani ya viatu vipya. Isikaushwe juu ya mbabula wala juani. Sehemu ya plastiki ya sikioni, ikiwa inatoka, inaweza kuoshwa peke yake kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ikauke kabisa, hata ndani ya bomba, ndipo irudishwe.

Kitambaa cha kichwa. Kikifunika apareyi na kubana, sauti inakuwa nzito au mluzi unaanza. Kifungwe nyuma ya masikio, au kilegezwe upande huo. Koko hahitaji kuacha urembo wake.

Betri. Hizi ndogo, tunazoziita majiwe, zinatumia hewa. Zina karatasi ya rangi juu yake: njano ni namba 10, kahawia ni 312, machungwa ni 13, buluu ni 675. Jua rangi yako, maana namba moja haingii mahali pa nyingine. Ukibandua karatasi, acha betri ipate hewa dakika moja au zaidi kidogo, ndipo uiweke. Kurudisha karatasi hakuizuii kuisha, kwa hiyo usibandue kabla ya siku yake. Moja inaweza kudumu juma moja au mawili, kulingana na ukubwa wake na nguvu ya apareyi. Apareyi ikinyamaza ghafla, badilisha betri kwanza, halafu angalia kama uchafu haukuziba tundu. Mara nyingi dawa ni hiyo tu.

Watoto wadogo. Sikilizeni sana hapa. Betri hizo zinang'aa kama peremende. Mtoto akimeza moja, au akiiingiza puani au sikioni, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo bila kungoja dalili, kwa sababu inaweza kuunguza mwili kwa ndani. Betri mpya na zile zilizokwisha zikae mahali pa juu, ndani ya chombo chenye kifuniko. Na mbwa wa nyumba naye asiifikie apareyi: mbwa wanapenda kuitafuna.

KAZI YA WALE WANAOISHI NAYE

Apareyi inavaliwa na mmoja, lakini nyumba nzima inajifunza.

Usipige kelele. Kelele inaharibu umbo la maneno, na apareyi inaiongeza zaidi. Sema kwa sauti ya kawaida, polepole kidogo. Mkaribie, kiasi cha hatua moja au mbili, mwite kwanza kwa jina lake la heshima, ngoja akuangalie, ndipo useme. Usiseme ukiwa umegeuka kuelekea sufuria, wala ukiwa na chakula mdomoni. Umeme ukikatika usiku, weka taa upande wa uso wako, si nyuma yako.

Asipoelewa, usirudie neno lile lile mara nne. Badilisha. “Fika” haikupita? Sema “njoo hapa”. Na neno moja tunaomba liondoke kabisa katika nyumba zetu: “Acha, si kitu.” Kwa anayesema ni kupunguza usumbufu. Kwa anayeambiwa ni mlango uliofungwa usoni. Kama ilikuwa inafaa kusemwa, inafaa kurudiwa.

Wakwe, muwe waangalifu zaidi. Bibi kijana anayemwamkia mama mkwe kwa sauti ya chini na macho yaliyoinama anatoa heshima, lakini mwenye apareyi haoni mdomo wala hasikii salamu. Mama mkwe mwenyewe amwambie mapema: “Binti yangu, niangalie unapozungumza nami, sitaona ni utovu wa adabu.” Maneno hayo machache yanaweza kuzuia miaka ya kununa.

Wanaume nao wasiseme ni habari ya wamama. Baba waliotumika miaka mingi karibu na mashine, katika migodi, karakana na vinu, wanapoteza kusikia kwa wingi. Mara nyingi ni wao wanaokataa zaidi kupimwa.

KAMA NI MTOTO

Koko aliyepoteza kusikia ana maneno tayari kichwani. Mtoto mdogo anayatafuta bado. Kwa hiyo kwake hatuhesabu miaka, tunahesabu miezi. Mtoto mchanga asiyeshtuka kwa kishindo, wa miezi tisa asiyegeuka akiitwa, wa mwaka mmoja na nusu asiyesema neno lolote, apimwe masikio, hata kama majirani wanasema baba yake pia alichelewa kusema. Usimwite bubu. Anaweza kuwa na sauti nzuri ambayo hajawahi kuisikia.

Mtoto aliyepewa apareyi ataing'oa mara nyingi kwa siku. Irudishe kwa upole, bila kupiga. Mvalishe wakati wa mambo anayoyapenda: kula, kucheza, kuimbiwa. Shuleni akae dawati la mbele, na mwalimu ajue ile kitu sikioni ni nini. Na kama apareyi haitoshi, lugha ya ishara ni lugha kamili, si adhabu. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Mama anayeomba nafasi ya mtoto wake shuleni haombi sadaka.

KIKUNDI CHENU KINAWEZA KUFANYA NINI

Apareyi ina bei kubwa, mara nyingi ya mamia ya dola, na hatuwezi kudanganya kwamba likirimba moja itamaliza shida hiyo. Lakini vikundi vina nguvu mahali ambapo apareyi zinakufa: katika vitu vidogo. Sanduku la dharura la AVEC linaweza kuweka kando pesa kidogo ya betri kwa mwanachama asiye na mtoto wa kumtumia. Wamama watano wanaotumia rangi moja ya betri wanaweza kununua pamoja na kutuma mtu mmoja mjini.

Katika mikutano, keti katika duara badala ya mistari, kila mmoja amwone mwenzake. Aseme mmoja mmoja. Hesabu ya pesa isomwe kwa sauti na iandikwe pia ubaoni. Kwa hayo tu, mwanachama aliyeanza kukosa mikutano anaweza kurudi, hata kabla ya kupata apareyi.

Tarehe 3 ya mwezi wa tatu ni siku ya kusikia duniani, siku tano tu kabla ya tarehe 8 yetu ya wamama. Katika kupanga shughuli za mwezi huo, pamoja na vitenge na maandamano, kikundi kinaweza kumwomba muuguzi wa kituo cha afya aje kuangalia masikio ya wamama wazee na ya watoto, na kuwaonyesha njia wale wanaohitaji munganga mkubwa.

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja ajiulize: nani kati yetu amenyamaza siku hizi? Nani anatabasamu tu bila kujibu? Nani ameacha kuja? Labda hana kiburi wala hasira. Amtembelee, aketi mbele yake mahali penye mwanga, amwulize polepole kama anasikia. Na kama kuna apareyi iliyolala kabatini mwake, waitoe pamoja, waweke betri mpya, waanze tena juma la kwanza.